Kombe Alilolitangaza

Katika chumba cha kufulia cha hospitali wenzake walikuwa wamempa jina jipya. Zamani alikuwa Mama Goli, kwa kuwa mkono wake ulikuwa haukosi. Sasa alikuwa Nabii.

"Nabii, leo mvua itanyesha? Nina mashuka kambani."

Wakacheka, naye akacheka nao, kicheko cha midomo. Angesema nini? Mdomo ulikuwa umeponza kichwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimama kanisani, Jumapili ya kabla ya timu ya hospitali kucheza fainali ya netiboli, akatangaza kwamba Mungu amemwonyesha kombe likiingia hospitalini. Watu wakapiga makofi. Ukweli ni kwamba hakuonyeshwa kitu. Alilitaka kombe mno, akadhani kutaka kwake ndiyo sauti ya Mungu.

Wakafungwa na timu ya walimu kwa goli moja. Mpira wa mwisho aliurusha yeye, ukagonga chuma, ukarudi.

Hayo angeyameza. Lisilomezeka ni la wifi yake, mke wa kaka yake, aliyecheza ulinzi. Wakati wa mapumziko wifi alimjia akichechemea.

"Goti limelia, wifi. Nitoke?"

"Utoke uende wapi? Mungu ameshasema. Kaza."

Wifi akakaza. Alitoka uwanjani amebebwa.

Tangu hapo Mama Goli akawa anaomba zamu za Jumapili, asionekane kanisani. Wenzake walimshukuru kwa wema wake, na kila shukrani ilimchoma kama pasi.

Asubuhi ya upasuaji wa goti la wifi alipeleka mashuka wodini, akitaka kuyatua na kuondoka. Wifi alikuwa tayari kitandani, amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi na Mama Goli mwenyewe.

"Unanikimbia?"

"Nina kazi, wifi."

"Mashuka hayana miguu, yatakungoja. Njoo uniombee."

Akainamisha uso. "Tafuta mwingine. Mimi nilimsingizia Mungu, na goti lililovunjika ni lako."

"Nilikukasirikia sana," wifi akasema. "Hasira haijaisha hata leo, nisikudanganye. Lakini naogopa. Na huyo uliyemsingizia ndiye ninayemtaka. Mwendee hivyo hivyo na aibu yako."

Akaushika mguu usioumia wa wifi yake juu ya shuka. Maneno yaliyokuwa yakimtiririka kanisani yalikuwa yamekauka.

"Mungu," akasema hatimaye, "nilisema usichokisema. Wifi yangu anaogopa, na mimi naogopa. Hatujui goti hili litakuwaje. Kaa naye. Tuko mikononi mwako."

Wifi akafumbua jicho moja. "Hujasema nitapona."

"Sijui, wifi."

"Wala kwamba nitacheza tena."

"Hilo nalo silijui."

"Haya," wifi akasema, akalifumba tena lile jicho. "Amina."

Muuguzi akaja kukisukuma kitanda. Mama Goli akafuatana nacho kwenye korido, uso ukimwaka kwa aibu, vidole vyake ndani ya kiganja cha wifi, hadi mlango alioambiwa asiuvuke. Kule chini, kwenye chumba cha kufulia, wenzake walikuwa wakimngoja, na bila shaka utani ulikuwa tayari. Akakaa kwenye benchi. Hakuwa ameahidiwa kitu chochote, na bado aliendelea kuomba.