Siku Saba za Mwalimu Awadh

Miaka arubaini Mwalimu Awadh alisomesha chuo cha Kurani pale Shella, Malindi, na mtoto yeyote aliyekutwa amelala kifudifudi alionja fimbo ya henzirani. "Ndivyo walalavyo watu wa motoni!" Lakini hujafa hujaumbika. Jicho lake la kulia, ambalo ndilo pekee lililokuwa likiona, likashukiwa na pazia jeusi, na daktari wa Mombasa akamwambia utando wa ndani umebanduka.

Akapasuliwa. Kwanza jicho lilitiwa maji mazito, yakazama na kuulaza utando mahali pake. Ukachomwa kwa mwale wa mwanga ili ushike, kisha maji yakatolewa, jicho likatiwa mafuta ya kuushikilia mpaka upone. Sharti likawa moja: siku saba uso chini, akilala na akikaa.

Aliyekuja nyumbani kumtia dawa ni Shukri, muuguzi, mwanafunzi wake wa zamani. Siku ya pili, adhuhuri, akamkuta amelala chali, anatazama dari kwa raha zake.

"Mwalimu! Geuka!"

"Mlalo ule siuwezi, mwanangu. Nitamjibu nini Mola?"

"Mafuta huelea, Mwalimu. Ukilala chali yanapanda mbele, utando unabaki peke yake nyuma, utabanduka tena. Na wewe ndiwe uliyetufunza kuwa dharura huhalalisha lililokatazwa."

Kushindwa kwa hoja yako mwenyewe kunauma kuliko kisu cha daktari. Mzee akageuka, akaegemeza paji la uso kwenye mto.

Shukri akamnyooshea shuka. "Hata mimi siku ile chuoni nililala hivyo kwa dharura," akasema taratibu. "Tumbo lilikuwa likiniuma. Ulinichapa, hukuniuliza."

Siku zilizosalia Mwalimu hakugeuka hata mara moja. Akikaa ameinama, alihesabu vigae vya sakafu, kisha akahesabu watoto aliowachapa. Vigae vikaisha mapema. Aliona haya, tena haya kubwa.

Siku ya nane Shukri akampeleka kwa daktari. Daktari akachungulia, akasema utando umeshika, sasa anaweza kuinua uso. Mzee akauinua polepole. Kila kitu kilikuwa ukungu, lakini uso wa Shukri aliuona.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akamshika mkono. "Shukri, mwanangu, siku ile tumbo lilikuwa na nini?"

"Njaa, Mwalimu."