Usifute

Mpaka leo nikimwona yule mwalimu anakuja upande wangu, navuka barabara. Watu wananiambia samehe, hayo mambo ya utoto, mtu mwenyewe amezeeka. Azeeke tu. Mimi sina haraka.

Alikuwa anatufundisha informatike, somo la kompyuta, kwa chaki. Ndiyo, kwa chaki! Alichora klavye nzima, vifungo vyote vya herufi, kwenye pembe ya ubao, juu yake akaandika USIFUTE, na miezi yote tukawa tunagonga vidole juu ya madawati, darasa zima kama kuku wanaodonoa mahindi: A, Z, E, R, T, Y. Macho juu, usiangalie vidole. Ukikosea, fimbo. Na wakati huohuo mashini za kweli zilikuwa kwenye chumba cha pembeni ya ofisi ya prefe, mkuu wa shule yetu, zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa maua. "Hakuna mutu wa kugusa mbele hajajua klavye kwa kichwa," Prof alikuwa anasema. Atakayefaulu mtihani ataingia. Atakayeanguka ataziangalia dirishani.

Nilitaka kuingia kile chumba kuliko nilivyotaka chakula, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaonja.

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alikuwa na kibanda karibu na bandari: fotokopi, barua, matangazo ya msiba. Mashini yake ilivuka ziwa kutoka Kigoma, kama vitu vyetu vingi. Mwanamke mkali, mdomo pilipili. Siku aliyoniachia tangazo la msiba niandike, nilikosea jina la marehemu palepale mwanzoni. Nikajikunja kungoja kofi. Yeye akacheka: "Aka! Unaogopa nini? Fina pale." Akanionyesha kifungo cha kufuta. Nikafinya, kosa likaondoka. Hakuna doa, hakuna karatasi iliyochanika, hakuna mtu aliyejua. Haki ya Mungu, nilipenda siku ile. Kitu unakikosea na hakikutukani! Nyumbani nilitukanwa, masomoni nilipigwa, mashini ikasema tu, haya, andika tena. Nikawa nashinda pale kila nikitoka masomo, mpaka mama akauliza kama nimeolewa na ile mashini.

Ila klavye ya kibandani haikuwa ile ya ubaoni. Ya Prof ilitoka kwenye kitabu cha Kifaransa, ilianza na A. Ya Kigoma ilianza na Q, na herufi nyingine chache zilikuwa zimehama. Nikamwuliza mama mdogo ya kweli ni ipi. "Zote," akasema. "Andika, watu wanangoja."

Basi siku moja ya kufagia nilichungulia dirisha la kile chumba. Kitambaa kimoja kilikuwa kimeteleza. Mashini za masomo nazo zilianza na Q! Nazo zilikuwa zimevuka ziwa.

Mtihani ukaja, swali lenyewe: chora klavye. Nilijua anachotaka. Ningeweza kumchorea ya kwake nikaingia. Lakini moyo ulikataa. Nikachora ile iliyokuwa chumbani.

Alinisimamisha mbele ya wote. "Nani alikufundisha hii buchafu?"

"Njo vile iko ku mashini zetu, Prof. Muende muangalie."

Darasa likafanya "yooo!" Uso wake ukabadilika. "Sikio haipite kichwa!" akapiga kelele, akaniandikia zero kwa biki nyekundu mpaka karatasi ikatoboka. Nililia nyuma ya vyoo, kwa hasira tupu. Yeye ndiye asiyewahi kugusa mashini, mimi ndiye ninayefungiwa mlango!

Wiki iliyofuata prefe alitaka barua ya kuwaita wazazi, iandikwe na wanafunzi waliofaulu, ili wazazi waone. Wakaingia, wakakaa, macho juu kama walivyofundishwa. Badala ya "wazazi" ikatoka "zqwqwi". Wakarudia, zqwqwi tena. Prof akakaa mwenyewe, naye macho juu. Zqwqwi.

"Zimeharibikia ku mashua," akasema, jasho linamtoka.

"Zote?" prefe akauliza.

Yule msichana aliyekuwa wa kwanza darasani akashindwa kunyamaza: "Papa Prefe, kuko mumoja anaweza." Wakamtuma aniite.

Nikaingia. Hatimaye nikaingia! Prof akaniachia kiti bila kuniangalia.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Kitu chochote. Prefe aone."

Nikaweka vidole, nikaandika neno moja kwa herufi kubwa: ZERO. Likatoka sawasawa, safi, zuri kabisa.

Prefe akainama karibu na kioo. "Zero ya nini?"

"Yangu ya informatike, Papa Prefe. Nilichora hii klavye."

Wale waliofaulu wakawa wanaangalia sakafu. Prof akaniinamia sikioni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Futa, mutoto yangu," akaninong'oneza. "Futa."

Kifungo cha kufuta nilijua kiko wapi. Katika vyote, ndicho nilichokipenda zaidi. Nikaondoa mikono, nikaiweka mapajani.