Mfuko Wenye Vigingi Vitatu

Watu wengi hudhani kazi yangu huanzia porini. Huanzia kwenye nyasi za nyumbani kwa mteja, wiki moja kabla ya safari, mimi nikiwa nimesimama na mikono nyuma.

Ninaongoza safari za kambi. Nawapeleka watu wa Nairobi kulala nje: vilima vya Ngong, Aberdare, mara chache Mlima Kenya. Wengi wanatoka Lavington na mitaa ya jirani, na hawajawahi kulala mahali pasipo na swichi ya taa. Hilo si kosa. Kila mtu ana siku yake ya kwanza. Kwa hiyo kwanza naenda kwao. Nawaomba walifungue hema lao bustanini, walisimamishe wenyewe, na wahesabu kila kitu kwa sauti: nguzo, kamba, vigingi, nyundo. Mtu akikwama naeleza tena, polepole, hata mara nne, lakini sigusi kitu. Sababu ni rahisi. Kitu kinachokosekana kambini mara nyingi kilikuwa kimekosekana tangu nyumbani, ila hakuna aliyeangalia. Nyumbani unaweza kutuma mtu dukani. Kule juu huwezi.

Walinzi wa getini hulipenda sana zoezi hili. "Madam, mmefukuzwa kwa nyumba?" mmoja wao aliwahi kumuuliza mwajiri wake, na mama yule akacheka mpaka akaiachilia nguzo aliyokuwa ameishika.

Kanuni hiyo ya kuhesabu nimeivunja mara moja tu.

Katikati ya jiji kuna duka la maturubai na mahema ambako nimekuwa nikinunua kamba tangu nianze kazi. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi. Duka lilifunguliwa na baba yake, na yeye amekaa nyuma ya kaunta ile ile kwa miaka arobaini. Anasaidiwa na mwanamume mmoja wa makamo aliyeajiriwa pale akiwa kijana, ambaye sasa ana mvi na anamwita mzee "bosi", ingawa namna anavyomjibu si ya mtu anayeogopa kufutwa.

Siku moja mzee aliniita nyuma ya kaunta.

"Binti, wewe unapeleka watu kulala nje. Mimi nimeuza tenti miaka arobaini. Unajua nimelala ndani ya tenti mara ngapi?"

"Mara ngapi, mzee?"

"Ziro."

"Bosi akiona nyasi anatafuta teksi," msaidizi akasema akiwa juu ya ngazi.

"Wewe shika ngazi yako."

Akanieleza jambo lake. Baada ya wiki mbili angefanyiwa upasuaji wa goti. Daktari alikuwa amemwambia kwamba baada ya hapo asahau habari za kupiga magoti na kulala chini. Na kulikuwa na hema moja, la turubai zito la rangi ya majani makavu, alilolishona na baba yake alipokuwa na miaka kumi na saba, kwa cherehani ambayo bado iko kwenye kona ya duka. Lilikuwa hema lake la kwanza. Baba yake alikataa kuliuza. Likakunjwa, likawekwa kwenye rafu ya juu, na baba akafa likiwa bado pale.

"Nataka kulala ndani ya hiyo. Si ingine. Mara moja tu, kabla wanikate."

Nilimwambia inawezekana. Tungechagua mahali ambapo gari linafika, asipande kilima. Nikamweleza pia kuhusu zoezi la bustanini, naye akatikisa kichwa kama mtu anayeelezwa jinsi ya kutumia kijiko.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwake, Spring Valley. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na nyasi zilikuwa zimejaa maji. Mzee alisimama barazani akaniambia jambo ambalo ni kweli kabisa: turubai likikunjwa likiwa na unyevu linaoza. Badala yake alilifungua hema pale pale barazani, akalitandaza, kisha akalikunja tena mbele ya macho yangu, pembe juu ya pembe, bila kusita hata mara moja. Sijawahi kuona mikono inayojua hema namna ile. Ndani ya gunia la hema kulikuwa na mfuko mdogo wa kitambaa uliofungwa kwa uzi. Nikauinua. Ulikuwa mzito.

"Vigingi?" nikauliza.

"Pegi," akasema, akaupigapiga kwa kiganja.

Mke wake alikuwa ametuletea chai na bakuli la chevda ya kutafuna. "Hesabu, mami," akaniambia. "Huyu anaangalia vitu ya wateja. Vitu yake haangalii."

Tukacheka wote watatu, na mimi nikaurudisha mfuko ndani ya gunia bila kuufungua. Niseme wazi kwa nini: niliona aibu. Ningemwambiaje mtu aliyeuza mahema tangu sijazaliwa ahesabu vigingi mbele yangu? Heshima ni kitu kizuri, lakini haishikilii hema.

Wiki moja baadaye tulisafiri, mzee, msaidizi wake na mimi. Msaidizi ndiye aliyeendesha gari. Tulisimama Dagoretti Corner kununua makaa na mahindi mabichi, na saa tisa alasiri tulikuwa tumefika kwenye uwanda mdogo wa nyasi, chini ya vilima vya Ngong, umbali mfupi kutoka kwenye geti la msitu. Hapo juu yetu mitambo ya umeme wa upepo ilikuwa inazunguka. Huwa nawaonyesha wageni mitambo hiyo na kuwaambia kwamba haikujengwa pale kwa ajili ya urembo. Upepo wa Ngong ni wa kweli.

Niliwatajia saa yangu ya mwisho, kama ninavyomtajia kila mtu. Hema lisiposimama imara kufikia saa kumi na moja, tunaacha, tunafanya jambo lingine. Saa kumi na mbili na nusu giza linaingia, na kuhangaika na kamba gizani ndiko kunakovunja watu vifundo vya miguu.

Mzee akaketi juu ya jerikeni na kuufungua ule mfuko. Akatoa nyundo ya mti, nzito, kubwa kama mkate. Kisha akatoa kigingi kimoja cha chuma. Cha pili. Cha tatu. Akaupindua mfuko, akaukung'uta. Hema lile lilihitaji kumi na viwili.

Msaidizi akakohoa.

"Bosi. Mtu akikuja duka amepoteza pegi, wewe humwambia nini?"

"Namwambia angoja kidogo."

"Halafu unaingia nyuma, unatoka na pegi moja. Unampatia bure. Unadhani hiyo pegi ilikuwa inatoka wapi?"

Mzee aliangalia vile vigingi vitatu kwenye kiganja chake. "Nilikuwa natoa moja tu."

"Moja tu, miaka arobaini."

"Na wewe ulikuwa unaona unanyamaza?"

"Nilidhani unaweka zingine. Ni duka la tenti, bosi! Pegi ziko debe nzima!"

Nikamwambia mzee kosa lilikuwa langu. Kazi ya kuufungua mfuko ule ilikuwa yangu, na sikuifanya.

"Pegi ni zangu, mimi ndio nimezigawa, halafu kosa ni lako?" akasema. "Wewe binti unataka kila kitu."

Lakini hakucheka. Nilikuwa na hema langu la akiba garini, jepesi, la kisasa, na vigingi vyake vyembamba vya bati ambavyo turubai lile lingevipinda kama waya. Nikamwonyesha. Akalitazama kwa adabu. "Hiyo nauza kila siku," akasema. "Kama si yangu, turudi nyumbani." Upasuaji ulikuwa Jumanne. Hakukuwa na Jumamosi nyingine.

Nikamwendea askari wa msitu pale getini, akaturuhusu kuokota matawi yaliyoanguka, si kukata. Kwa panga tulichonga vigingi tisa vya mti, vyenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Kufikia saa kumi hema lilikuwa limesimama. Kisha upepo ukashuka kutoka kilimani, ukuta mmoja ukavimba, na vigingi vinne vikang'oka kimoja baada ya kingine. Turubai likaanguka juu ya msaidizi, ambaye alisikika akisema kutoka chini, "Mimi nimelala ndani sasa. Nihesabiwe."

Mzee alikuwa ameanza kukunja kamba.

Hapa naomba nieleze jambo moja, kwa sababu huenda likakufaa siku moja. Kigingi kilichochomekwa wima kwenye udongo uliolowa na mvua, kama ule wa siku hiyo, hakina nguvu. Kinateleza kutoka kama kisu kwenye ugali. Badala yake unachimba mfereji mfupi, unaoingia kiganja chote mpaka juu ya kifundo cha mkono. Unafunga kamba katikati ya mti, unaulaza mti ndani ya mfereji ukiwa umekingama na kamba, unaurudishia udongo, unaukanyaga vizuri, na kama una jiwe unaliweka juu. Sasa upepo ukitaka kuung'oa lazima uinue udongo wote ulio juu yake. Mti ule ule, udongo ule ule, ila umelala.

Niliwaeleza mara moja, haraka kuliko kawaida yangu, na siku hiyo mikono yangu haikukaa nyuma. Mimi na msaidizi tulichimba, yeye kwa jembe dogo la garini, mimi kwa panga. Mzee hakuweza kupiga magoti, kwa hiyo tulimpelekea miti pale kwenye jerikeni naye akafunga kamba. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha fundo. Aliufunga mti wa kwanza kabla sijamaliza sentensi, kisha akaniangalia mikono yangu iliyokuwa bado inaonyesha hewani.

"Endelea," akasema. "Nasikiliza."

Tuliizika miti yote tisa. Vile vitatu vya chuma tukavitumia mlangoni, upande usiokabili upepo. Nilipotazama saa ilikuwa imebaki dakika chache kufika saa kumi na moja. Tukasimama tukingoja. Upepo ukaja, ukuta ukavimba, kamba zikakaza zikatoa sauti, na hakuna kilichosogea. Ukaja tena. Nilizunguka nikiijaribu kila kamba kwa uzito wangu wote, kisha nikamwambia mzee kwamba hema lake ni salama kulala.

Alilizunguka yeye pia, polepole, akishikilia fimbo kwa mkono mmoja na mwingine akiupitisha kwenye mishono.

"Huu ni wangu. Unaona umepinda? Huu ni wa baba." Akapiga hatua chache. "Wangu. Wangu. Wa baba, huu aliufumua wangu akarudia." Alipofika mlangoni akainua macho. "Ni kubwa. Kwa rafu ilikuwa ndogo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwahi kuliona likiwa limesimama. Duka halikuwa na nafasi.

Jioni, tukichoma mahindi, alinifundisha na yeye. Turubai jipya huvuja, ndiyo maana mtu hulimwagia maji likauka kabla ya kulitumia, nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Na mvua ikinyesha usiguse ukuta kwa ndani, kwa sababu pale ulipogusa ndipo maji yatakapopenya. Jambo la pili nilikuwa nalijua. La kwanza sikulijua, na mimi nimelala kwenye mahema maisha yangu yote ya kazi.

Usiku sina mengi ya kusimulia, kwa sababu nililala, kwenye hema langu la akiba. Asubuhi mzee alitoka kwa kutambaa kinyumenyume, akatuomba tusimwangalie, akajiinua kwa kushika nguzo. Simu yake ikaita. Ilikuwa sauti ya mke wake, na tuliisikia sote.

"Umelala?"

"Kidogo. Baridi sana. Goti inauma. Huyu jamaa anakoroma."

"Sasa umefurahi?"

Mzee alilitazama hema. "Ndio," akasema. "Mara moja inatosha."

Kuna kanuni yangu nyingine: kila shimo tulilochimba tunalifukia, na nyasi zake zinarudishwa juu. Tuliifukua miti mmoja mmoja. Nilitaka kuirudisha pale tulipoiokota, lakini mzee alikuwa anaipangusa udongo na kuitia ndani ya mfuko wa kitambaa. Haikuenea, ilichomoza nje kama kuni.

"Bosi," msaidizi akasema, "mtu akija amepoteza pegi utampatia hizi?"

"Hizi sipatii mtu. Kuna debe nzima."

Nikamwomba ahesabu kwa sauti. Nilirudisha mikono yangu nyuma nikangoja. Alinitazama, akavimwaga vyote kwenye nyasi, vya mti na vya chuma, akaanza moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, kisha akafunga uzi.