Meza ya Dirishani

Juzi, nikipita Arlington, nilimwona babake Lin, rafiki yangu wa utotoni, akipeleka sahani mwenyewe katika mkahawa wake wa Kichina. Amezeeka.

Nikakumbuka alasiri moja yenye harufu ya tangawizi, mamangu, aliyeajiriwa pale, akiosha vyombo jikoni. Babake alimkalisha Lin meza moja baada ya nyingine, akimhudumia kama mteja. Nilidhani anamdekeza. Lin alitikisa miguu bila kutulia.

“Mkahawa huu utakuwa wako,” babake alimwambia. “Hapa umeona kasoro gani?”

“Hapa sioni nje, Baba.”

Babake alifurahi sana, akaivuta meza hadi dirishani. Hata mimi nilimwona Lin hodari wa biashara.

Juzi meza ilikuwa palepale dirishani. Lin aliondoka zamani.