Kufuli Kwenye Sanduku la Betri

Mama mwenye boti aliponiambia nifunge sanduku la betri kwa kufuli, nibaki na ufunguo peke yangu na nisimwambie nahodha, nilipaswa kukataa. Nikasema, "Sawa, mama." Tulikuwa tumesimama mlangoni mwa karakana yangu Kaloleni, mikono yangu ikinuka asidi, na mteja mwingine alikuwa akinisubiri.

Nahodha alikuwa mtu wa rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja Oldonyo Sambu, tukasoma sekondari pamoja, na ni mimi niliyemtafutia kazi ile ya kuendesha boti ya wageni kwenye ziwa dogo chini ya Mlima Meru. Alikuwa pia mlinzi wa boti hiyo, kwa kuwa alipewa chumba pale pale ufukweni. Kwetu Waarusha, mtu wa rika lako humfichi kitu. Ukimshuku wizi na ukalitamka, jambo hilo halibaki kati yenu wawili, linapelekwa mbele ya rika zima.

Boti ilikuwa na betri mbili. Moja ya kuwashia injini, nyingine ya taa, redio na pampu ya kutoa maji yanayoingia ndani. Hii ya pili ndiyo iliyokuwa ikiisha. Naichaji, naifunga, baada ya siku mbili napigiwa simu kwamba imelala. Nikaweka mpya, nayo ikalala. Nikazima kila kitu, nikatoa mita, nikapima kwenye waya unaotoka swichi kuu. Sifuri. Basi, nikajiambia, kama boti haili chaji, kuna mtu anaila.

Nikaanza kumtazama rafiki yangu. Dirishani kwake niliona simu nne zimepangwa, na yeye alikuwa na simu moja tu.

"Za nani hizi?"

"Za akina mama wanaouza ndizi hapo juu. Nawatunzia."

"Unawachajia?"

Akacheka. "Fundi, siku hizi unauliza kama polisi. Betri zako zimezeeka kama mwenyewe. Kaa unywe chai."

Nikanywa chai yake huku nikikagua kuta. Chini ya kitanda palikuwa na kipande cha waya mwekundu, na moyo wangu ukafurahi kukiona. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi leo, kwamba nilifurahi.

Nilipofunga kufuli alilotaka mama, nahodha alilikuta kesho yake, akanipigia. "Hili la nini?"

"Mama kataka."

"Na ufunguo?"

"Ninao mimi."

Akaniambia mvua inanyesha, akakata simu.

Betri ikalala tena, kufuli likiwa limefungwa. Mtu mwenye akili angesimama hapo afikiri upya. Mimi niliamua kwamba ana ufunguo wa pili. Nikapaka grisi kwenye kufuli nione kama litaguswa. Mvua ikaichafua grisi, nami nikaona alama za vidole.

Jumamosi moja rika letu lilikutana nyumbani kwa mwenzetu, Oldonyo Sambu. Nikasimama, nikasema yote.

"Ulimwona akichukua?" akauliza mmoja.

"Sikumwona. Lakini mita haidanganyi."

"Hiyo mita ni ya rika gani hata tuisikilize?"

Watu wakacheka. Nahodha hakucheka. Alinitazama, akasema, "Ungeniambia, ningekupa chumba changu ukipekue mwenyewe." Jumatatu alimrudishia mama funguo za boti, akarudi nyumbani kuchunga mbuzi wake.

Chumba cha ufukweni kikabaki kitupu, na betri ikaendelea kulala. Ndipo nilipong'oa mbao za sakafu ya boti. Chini yake palikuwa na waya wa pampu niliouunga mimi mwenyewe miaka miwili nyuma, moja kwa moja kwenye betri, bila kupita swichi kuu, ili mvua ikinyesha pampu ifanye kazi hata kama kila kitu kimezimwa. Nilikuwa nimeusahau. Kiungo nilichokizungushia tepu kilikuwa kimelala ndani ya maji, kimeota kutu ya kijani, na chaji ilikuwa ikivujia hapo mchana na usiku. Mita yangu isingeweza kuuona waya ule kwa sababu nilipima baada ya swichi. Fundi hupima kwenye terminali, kichwa cha betri yenyewe. Nilijua hivyo, na nimewafundisha wengine hivyo.

Kuhusu zile simu, nilienda kuwauliza akina mama wa ndizi. Alikuwa akiwapelekea kuchaji kwenye sola ya jirani.

Nilirudi mbele ya rika, nikasema kosa ni langu. Wakanitoza kondoo na blanketi, nikavitoa. Nahodha alivipokea mbele ya wote, kwa sababu kukataa kungekuwa kuvunja amri ya rika. Mama alimwomba arudi kazini, akamjibu kwamba miguu inamuuma.

Sasa tukikutana kanisani hunipa mkono, huuliza kama mvua imefika mjini, kisha huenda kukaa na wengine. Mwaka huu alimwoza binti yake. Niliisikia habari hiyo kwa mteja. Kukubali kwangu agizo la mama siku ile kulinigharimu rafiki wa pekee niliyekuwa naye tangu utoto. Sijapata mwingine, na kwa umri huu sitapata.