Pazia la Mchana

Juzi nilipita karibu na hekalu la Wahindi hapa Nyeri, upepo ukaniletea harufu ya ubani na samli, nikakumbuka mchana mmoja wa sikukuu yao ya taa, nikiwa mtoto.

Mama alikuwa akimfulia nguo Mama Mina, Mhindi mwenye duka la vitambaa, na siku hiyo tulimsaidia kubeba sinia za vitamutamu hadi hekaluni. Maombi yalipoisha, kengele zilinyamaza, na mzee mmoja akavuta pazia jekundu mbele ya sanamu za miungu.

"Wanalala sasa," Mama Mina akaninong'oneza. "Wamekula, wameimbiwa." Kisha akamtazama mama, ambaye usingizi ulimhama tangu baba atuache. "Na wewe Mama Shiru, macho nyekundu hivi! Kunywa maziwa moto na kungumanga. Osha miguu. Mawazo wacha nje."

Mama akacheka. "Mawazo ndiyo iko na kitanda, mama. Mimi ni mgeni tu."

Mimi nikaona kosa letu ni moja tu: hatukuwa tumemwimbia mama. Tulipofika nyumbani nilitundika shuka mbele ya kitanda chake, nikamwimbia pambio zote za kanisani mpaka akafumba macho. Nikatoka mbio kuwanyamazisha watoto wa ploti, majirani wa vyumba vya kupanga. "Shhh! Mama yangu amelala!"

Sasa najua alifumba macho kwa ajili yangu. Hata leo halali. Kila asubuhi namuuliza, naye hunijibu, "Nimelala vizuri sana, Shiru," nami namwekea chai, nikijifanya nimeamini.