Pipi Yangu, Njoo Karipu

Mume wangu amepiga gitaa la besi miaka mingi akiwa nyuma ya waimbaji, na huko nyuma ndiko alikopenda kukaa. Yeye ni Mkipsigis wa Sigowet, mwenyeji wa huku kwenye chai. Mimi baba yangu alitoka kando ya ziwa akaja kufanya kazi kiwandani, nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi katikati ya mashamba ya majani chai. Watu wengi wa kwao Kiswahili kikiwafika mdomoni, b hugeuka p, na d huwa t. Shuleni alisimamishwa asome "baba analima", ikatoka "papa analima", darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo hakufungua mdomo mbele ya watu wengi. Nyimbo za bendi alitunga yeye. Kuziimba akawaachia wengine.

Jumamosi moja tulikuwa Kedowa, kwenye baa ya kando ya barabara ambako bendi yao hupiga kila wikendi. Mvua ilikuwa imeshika, watu wamejaa na makoti yao, nyama iko motoni, meza zote zinangoja muziki. Mwimbaji wao akafika sauti imemkauka kabisa, anaongea kwa mikono. Mwenye baa, mama Mkikuyu asiyebembeleza mtu, akaenda mpaka jukwaani.

"Nyinyi, nani anaimba? Kama hakuna, naweka dijei, na hizi Jumamosi zingine zote zitakuwa zake."

Wenzake wakamgeukia mume wangu, maana maneno yote yalikuwa kichwani mwake. Akanijia mezani, uso umemshuka.

"Mama watoto, watacheka hii mtomo yangu."

"Wacheke," nikamwambia. "Wakimaliza kucheka watacheza."

Nilisema kwa ujasiri wa mtu ambaye hapandi jukwaani.

Akaanza na wimbo alionitungia mwaka tuliooana. Ubeti wa kwanza ulienda vizuri. Sauti yake ilikuwa nzito, tamu kuliko nilivyoizoea nyumbani. Kikafika kiitikio, "Bibi yangu, njoo karibu," nacho kikatoka, "Pipi yangu, njoo karipu."

Baa ikalipuka kwa kicheko. Kwenye meza iliyokuwa karibu nami kijana mmoja akajipiga paja. "Ati pipi! Huyu msee ameoa peremende."

Damu ikanipanda. Mimi hasira zangu haziko mbali, na nilikuwa nimeshasimama na chupa ya soda mkononi. Sitasema nilikusudia kuifanyia nini.

Lakini nikamwangalia mume wangu. Alikuwa amesikia kila kitu. Vidole vilizidi kutembea kwenye nyuzi, macho yameganda sakafuni. Nilipokuwa nikimsikiliza akijaribu wimbo huo nyumbani, nilimshauri aimbe "mke wangu", maana humo hamna b ya kumtega. Alikataa. Alisema mke ni wa kanisani na ofisini, bibi ndiye wa nyumbani. Sasa kiitikio kilikuwa kinarudi, na hakuna ambaye angemlaumu kama angechukua hilo neno rahisi.

Akainua kichwa. Akanitafuta kati ya makoti yale yote, akaninyooshea kidole, akaimba polepole kwa sauti yake yote: "Pipi yangu, njoo karipu."

Nikaweka chupa chini nikaenda, kwa sababu nilikuwa nimeitwa. Nilicheza mbele yake na viatu vyangu vya matope, na sikuona aibu hata chembe. Niliona fahari, fahari ya kunifanya nilie huku natabasamu kama mjinga. Kufikia kiitikio cha tatu baa yote ilikuwa inaimba, wa ziwani, Wakikuyu na wenyeji, wote "pipi", wote "karipu", na yule kijana wa peremende akipaza sauti kuliko wote. Mwenye baa alikuwa anagawa vinywaji huku akiitikia. Habari ya dijei haikutajwa tena.

Jumamosi iliyofuata mwimbaji wao alikuwa amepona. Akashika maiki, akaimba "bibi yangu, njoo karibu" safi kabisa, kila herufi mahali pake. Watu wakaanza kumpigia kelele kutoka kila meza. Walikuwa wanamwambia anakosea maneno.